Mwalimu Ushiyama na Minyoo Wanaosubiri

Ukimkuta Mwalimu Ushiyama barabarani unaweza kudhani ni muuza mboga aliyesahau mboga zake nyumbani. Ni mfupi, anavaa buti za mpira kuanzia Januari hadi Desemba, na anaendesha kipikapu cheupe ambacho bonde zima linakijua kwa mlio. Nyuma ya kipikapu hicho haikosekani ndoo ya matufaa yaliyooza. Wakulima wenyewe humwita kutoka mashambani, "Mwalimu! Leo yapo yaliyooza vizuri!" Naye hushuka, akayanusa moja moja kama mtu anayechagua tikiti maji, akabeba yale ambayo hata nguruwe angeyafikiria kwanza.

Yeye ndiye anayetufundisha sayansi, na ndani ya matufaa hayo ndimo anamowapata wale anaowaita walimu wasaidizi wake. Minyoo.

Msiogope, si wale wa tumboni. Hawa wanaishi kwenye vitu vinavyooza, wanakula bakteria, na hawana haja na mtu. Ni wadogo kama alama ya mkato kitabuni na miili yao ni kama kioo. Siku ya kwanza nilipomtazama mmoja kwenye hadubini nilimwona akimeza. Yaani niliona chakula kikishuka kooni! Niliona na mayai yamejipanga ndani yake kama maharage kwenye ganda. Nikasahau kupumua, mpaka Fujimori, ambaye darasani kwetu ndiye mwenye mdomo kuliko wote, akanikanyaga kisigino.

"Yazaki, umefunga ndoa na hiyo hadubini? Na sisi tuna macho."

Hadubini nzuri ni hiyo moja tu. Zilizobaki mbili, moja inaonyesha ukungu na nyingine haionyeshi kitu. Mwalimu halalamiki. "Shule imenipa chaki na dirisha," husema. "Vingine vyote vipo jikoni." Na kweli vipo. Minyoo wake anawalaza juu ya kanten, ile jeli ya mwani ambayo kwetu hapa kila nyumba inaila. Anaichemsha na chumvi kidogo, anaimimina kwenye visahani vya kioo vya marehemu mama yake, vile vyenye maua ya buluu vya kuwekea vitafunio vya chai. Ikishaganda anapaka juu yake utelezi wa natto, zile soya zilizochacha zenye nyuzi kama gundi, kwa sababu bakteria wa natto kwa minyoo ni pilau. Na kifaa cha kuhamishia mnyoo mmoja mmoja ni unywele wa nyusi yake mwenyewe, ameugundisha kwenye kijiti cha meno. Ndiyo maana nyusi yake ya kushoto ni nyembamba kuliko ya kulia.

Baba yake alikuwa mtengeneza kanten. Utotoni, kila baridi ilipokaza, yeye na kaka zake waliitandaza kanten kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa, usiku igande, mchana iyeyuke, hivyo hivyo hadi ikauke na kuwa nyepesi kama sifongo. Vidole vilipasuka. Mgongo wa baba ulipokataa kazi, kiwanda chao kidogo kikafungwa, na binti akaenda chuo cha ualimu akiwa ameapa kutoigusa kanten tena maisha yake yote.

"Nikapangiwa shule isiyo na vifaa," alituambia siku moja akikoroga sufuria. "Nikajiuliza, nitawafundishia nini watoto wa watu? Na kitu pekee ambacho mikono yangu ilikijua hata nikifumba macho ni hiki. Nilikimbia nikazunguka mlima mzima, nikamkuta baba ananisubiri upande wa pili na sufuria yake."

Vipindi vyake vilikuwa hivi. Unadondosha tone la juisi ya tufaa upande mmoja wa kisahani, upande wa pili siki, katikati unawaachia minyoo, halafu unakaa unatazama wataelekea wapi. Fujimori akauliza kama anaweza kujaribu maji aliyolowekea soksi zake. Sisi tukaziba pua. Mwalimu akasema, "Sayansi haichagui harufu." Basi mnajua walikwenda wapi? Walikwenda kwenye soksi! Wote, kama watu wanaokimbilia harusi.

"Mnaona?" Fujimori akapiga kifua. "Nina wapenzi wangu."

"Kila mtu anao wa kwake," Mwalimu akasema, na akacheka amejifunika mdomo kwa mkono, kama kawaida yake.

Sasa nimtaje Kanoko, maana bila yeye nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Moriya Kanoko ni jirani yangu, nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa mianzi. Tulikuwa darasa moja mpaka vuli ilipoanza, ndipo akaacha kuja. Hakupigwa, hakutukanwa. Siku moja tumbo lilimuuma, kesho yake pia, na wiki ikaisha. Alipopona kabisa akawa amenaswa na jambo jingine. Bibi yake alimweleza mama yangu, na mama akaniambia nisimwambie mtu: Kanoko alikuwa anaogopa swali. Lile swali la "Ulikuwa wapi?" Aliliwaza akiwa kitandani, akahesabu ni wangapi watamwuliza, akaona hana jibu hata moja linaloingia akilini. Kila siku aliyokosa ilifanya swali liwe kubwa zaidi. Hadi majani yanakwisha mitini, hatoki chumbani mtu akiwepo.

Kazi yangu ilikuwa kumpelekea karatasi za shule. Nabisha hodi, Bibi Moriya anapokea, ananipa tunda kavu la persimoni, narudi kwetu. Nikitazama dirisha la juu, pazia limefungwa.

Desemba baridi ilipoanza kugandisha maji ndani ya ndoo, Mwalimu alituambia chumba cha sayansi hakitafaa tena, kwani hita inazimwa jioni na minyoo wanataka joto. Akagawa visahani tukawalee majumbani. Viwili akanipa mimi pembeni.

"Hivi mpelekee Kanoko. Mwambie sina pa kuviweka."

"Lakini Mwalimu, si una nyumba?"

"Nyumba yangu ina paka."

Mwalimu hana paka. Nimeshafika kwake.

Nikavipeleka pamoja na maelekezo. Bibi akaviweka mbele ya mlango wa chumba cha juu kama sadaka. Siku mbili tatu kimya. Kisha nikaenda na karatasi nikamkuta Bibi amesimama kizingitini, macho yamemtoka.

"We mtoto, hebu nieleze. Kanoko ameniomba natto! Tangu azaliwe hali natto, akiisikia harufu anakimbia. Leo anataka natto, na kanten, na chumvi. Anaumwa?"

"Haumwi, Bibi. Ni ya masomo."

"Masomo ya kula natto?"

Haikupita muda, nikiwa pale pale kizingitini, sauti ikatoka juu ya ngazi. Sikumwona mtu. Ilikuwa sauti tu, imekauka kidogo kama mlango uliokaa bila mafuta.

"Yazaki. Kisahani kimoja natto imeisha. Nawatazama kwa lenzi ya kusomea ya Bibi: wadogo wao wamekuwa wembamba, hawali, wamekakamaa. Wengine wamesimama kwa mkia wanapunga kichwa. Wanakufa?"

Mimi nilikuwa sijui. Nikakimbia hadi shuleni kwenye theluji, nikamkuta Mwalimu anaosha sufuria. Nilipomweleza aliweka sufuria chini na kukaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

"Alikuambia wanapunga? Kaona mwenyewe?"

"Ndiyo. Kwa lenzi ya kusomea ya Bibi yake."

"Mwambie hawafi," akasema. "Hao wanasubiri. Mnyoo mchanga akiona chakula kimeisha na wenzake wamebanana, anafunga mdomo. Anaufunga kweli kweli, ngozi inaziba kabisa. Halafu anavaa ngozi ngumu na kusubiri. Wiki, miezi. Mwambie Kanoko asiwatupe. Na muulize kama tunaweza kuja kuwaona."

Jibu lilikuja kupitia kwa Bibi: "Hakusema ndiyo. Ila safari hii hakusema hapana."

Basi Jumapili moja ya Januari tukaenda, Mwalimu na mimi. Bibi Moriya alituingiza kwenye sebule, tukakaa na miguu chini ya blanketi la ile meza fupi yenye hita. Juu yetu ubao wa dari ulilia mara moja, kisha kimya. Mwalimu hakutazama juu. Alisifia maua, akasifia birika, wakaongea habari za barafu ya ziwani.

Hapa kwetu chai si kitu cha kunywa ukaondoka. Kikombe kikipungua kinajazwa. Kitafunio kikiletwa unakila, na ukikataa ni sawa na kusema nyumba ni chafu. Zikaja mboga za kuchachua, ikaja persimoni, vikaja viazi vya kukaanga. Kisha Bibi akarudi kutoka jikoni ameficha kitu mgongoni kama mtoto.

"Na hii," akasema, "ni kanten. Kaitengeneza Kanoko kwa mikono yake. Nimeikuta karibu na sufuria ya wali, ameshaikata vipande vizuri kabisa. Tangu vuli mtoto huyu hajashika hata kijiko. Mwalimu, nilipoiona nililia."

Akaweka kisahani mezani. Kioo, maua ya buluu.

Nilikitambua. Bibi akaanza kutugawia vipande viwili viwili, akavimwagia shira ya sukari nyeusi, akaviwekea vijiti vya meno. Nilimtazama Mwalimu. Mwalimu alikitazama kisahani, akanitazama mimi, kisha akamtazama Bibi, aliyekuwa amefumbata mikono kifuani anangoja.

"Basi nakaribia," Mwalimu akasema. Akachoma kipande kimoja, akakitia mdomoni, akakitafuna taratibu.

"Vipi?"

"Imeshika vizuri, haina hata povu moja. Huyu ameichemsha kwa subira."

"Mtoto wa watengeneza kanten ndiye anayesema hivyo!" Bibi akajipangusa jicho kwa pindo la aproni. "Na wewe Yazaki, mbona unaitazama kama karatasi ya mtihani? Umerefuka kama nguzo ya umeme lakini kula huwezi?"

Nikainua kijiti. Kipande kilitetemeka mbele ya pua yangu. Shira ilinukia vizuri, na nyuma ya shira, kwa mbali, natto. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ngazi zikapiga kishindo, paragha! paragha! paragha! Mlango wa karatasi ukateleza hadi mwisho.

"Usile! Mwalimu, msile! Ni wao hao!"

Alikuwa Kanoko. Nywele zimemfika mabegani, soksi moja nyeupe, nyingine ya kijani. Nilikuwa sijamwona tangu vuli.

"Akina nani, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Minyoo!"

"Minyoo gani?"

"Wa Mwalimu! Wale wanaosubiri! Nilikata vipande nipate kuwahamishia kwenye chakula kipya, si vya kula!"

Bibi aliangalia kisahani. Akaangalia birika, kama kwamba birika ndilo litakalomtetea. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Mimi nilishaonja viwili jikoni."

Kanoko akajifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, tena kile kicheko cha kukata pumzi, akaegemea mwimo wa mlango na kuteleza hadi akakaa sakafuni. Bibi akaanza naye, kisha mimi, na mwisho Mwalimu, mkono mdomoni.

"Bibi usiogope," Mwalimu akasema alipopata pumzi. "Ni kanten, chumvi na natto. Nyama ya minyoo yenyewe ni kidogo, hata mbu angelala njaa. Hawana shida na tumbo la mtu."

"Basi ndiyo maana imekolea," Bibi akasema, na tukaanza upya.

Niliona Mwalimu akisogea kidogo upande wake wa meza, pakabaki nafasi. Kanoko akaingiza miguu chini ya blanketi. Nilingoja Mwalimu amwulize chochote, walau "Hujambo". Hakumwuliza. Alivuta kile kisahani katikati na kusema, "Vimebaki vipande vya kutosha. Kisahani kipya kipo?"

Kanoko alikuwa nacho kipya tayari, kimepakwa natto. Wakafanya kazi kwa kisu cha siagi. Kipande kinainuliwa, kinageuzwa kifudifudi juu ya kanten mpya, ili waliolala juu wajikute wameshukia chakula.

"Watajuaje kwamba chakula kimerudi?" Kanoko akauliza.

"Watanusa."

"Na wakiamka, watakuwa wameshazeeka?"

"Hapana. Wanaendelea pale pale walipoachia. Wanakua, wanataga, wanaishi siku zao zote kama wengine."

Kanoko akawa anasukuma kipande kwa ncha ya kisu, mbele, nyuma.

"Na wenzao hawawaulizi?"

"Wawaulize nini?"

"Walikuwa wapi."

Nikainamia kikombe changu. Nilitamani Mwalimu aseme kitu kizuri, kama kile wanachosema watu wazima, kwamba hakuna atakayekuuliza, wote wanakupenda. Mwalimu alifikiri kwanza.

"Minyoo hawana mdomo wa kuuliza," akasema. "Watu wanao."

Kanoko akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chenji sahihi.

"Kesho mchana watakuwa wamefungua midomo," Mwalimu akaendelea. "Kwa lenzi ya Bibi hutauona mdomo ukifunguka. Inatakiwa hadubini, na mimi siwezi kuileta, ni nzito."

Huyu ndiye anayebeba ndoo za matufaa kila wiki.

"Shuleni watu wapo saa zote," Kanoko akasema.

"Wapo. Lakini kuna saa ambayo hawasemi."

Kanoko aliacha kusukuma kipande. Mimi pia nilihitaji muda kidogo ili nielewe. Katika shule zetu, baada ya chakula cha mchana, kila mtu anashika kitambaa na ufagio tunasafisha jengo zima wenyewe, na wakati huo ni marufuku kusema hata neno moja. Si walimu, si wanafunzi. Ukidondosha ndoo, unaiokota kimya kimya. Fujimori huiita robo saa ya mateso.

Kanoko alikunja blanketi vizuri hadi magotini, akamimina chai, akamjazia Mwalimu kwanza.

Mwalimu alipowasha kipikapu getini nilishindwa kujizuia. "Mwalimu, ulijua tangu mwanzo?"

"Visahani ni vya mama yangu. Nisivijue?"

"Sasa kwa nini ulikula? Ili Kanoko ashuke?"

Aliingiza gia, gari likakohoa. "Bibi alikuwa amefurahi vile. Wewe ungefanyaje?"

Kesho yake asubuhi nilisimama kwenye geti lao mpaka nikakaribia kuchelewa. Hakutoka mtu. Kipindi cha kwanza, cha pili, chakula, kiti chake kitupu. Nikajiambia basi. Kengele ya usafi ikalia na midomo yote ikafungwa.

Kundi letu lilikuwa na zamu ya chumba cha sayansi. Tulipiga magoti tukapanga mstari, tukasukuma vitambaa sakafuni, Mwalimu naye katikati yetu, buti amezivua. Ilisikika sauti ya vitambaa tu, na theluji ikidondoka kutoka paani. Kisha mlango ukateleza.

Kanoko alikuwa amevaa sare, imembana kidogo mabegani. Kifuani amekumbatia kisahani alichokizungushia skafu ya Bibi yake.

Mikono yote iliacha kusukuma. Nilimwona Fujimori akifungua mdomo, shingo imemtoka mishipa, maneno yamejaa hadi kwenye meno, akaufunga tena. Maskini, nilidhani atapasuka. Mwalimu aliinuka, akapokea kisahani, akakiweka mbali na dirisha. Halafu akachukua kitambaa kutoka kwenye ndoo, akakikamua, akampa Kanoko.

Fujimori akasogeza ndoo yake kwa goti, akapisha nafasi kwenye mstari.

Tukasukuma pamoja hadi ukutani, tukageuka, tukarudi. Kanoko alikuwa anahema kwa nguvu, mashavu yamekuwa mekundu. Kila nilipomtazama alikuwa anatazama sakafu. Nilijua anachosikiliza, kwa sababu na mimi nilikuwa naisikiliza, kengele. Ikilia, kila mdomo humu ndani utafunguka.

Ikalia.

Hakuna aliyeanza. Tulibaki tumepiga magoti kama wajinga. Kanoko alishika kitambaa kwa mikono miwili, na niliona amegeuza bega kuelekea mlangoni. Ndipo Fujimori akashindwa.

"Eti," akasema, "ni kweli ulimlisha Mwalimu minyoo?"

Bibi Moriya alikuwa ameshalisimulia bonde zima kwenye chai ya jana yake jioni.

Kanoko akamtazama. "Mimi sikumlisha. Bibi ndiye aliyemlisha. Mimi niliwazuia."

"Ulichelewa!"

"Kipande kimoja tu. Bibi vipande viwili. Na Yazaki alikuwa ameshafungua mdomo."

"Yazaki!" wote wakanigeukia, na chumba kikalipuka. Walinisukuma, wakaninusa, wakataka nitoe ulimi. Katikati ya kelele hizo Mwalimu alikuwa ameshaweka kisahani chini ya hadubini na anamwashiria Kanoko kwa kidole. Kanoko akainama. Mkono wake mmoja ukawa unazungusha lile gurudumu dogo la hadubini, taratibu, mbele, nyuma.

"Anameza," akasema. Hakumwambia mtu yeyote. "Huyu anameza. Na huyu."

Tukasukumana kutazama, mpaka mwalimu wa hesabu akapita kwenye ujia akigonga vioo. Watu wakaanza kukimbilia darasani. Kanoko alibaki amesimama kando ya meza, skafu ya Bibi yake mkononi. Hakuwa na mkoba, hakuwa na hata kalamu. Mwalimu Ushiyama alikuwa ametugeuzia mgongo, anaosha ndoo ambayo tayari ilikuwa safi.

"Yazaki," Kanoko akaniita. "Hesabu mmefika wapi?"

Nikamwambia. Akatembea nami.